Jinsi ya kumfundisha mfungaji wa netiboli ili shabaha yake isibaki mazoezini

Jumatatu msichana anasimama hatua mbili kutoka kwenye nguzo, anarusha mara 20 na kufunga 17. Wenzake wanampigia makofi, kocha anaenda nyumbani ameridhika. Jumatano mtupo wake wa kwanza haufiki hata kwenye pete. Jumamosi, kwenye mechi, anafunga 4 kati ya 11, na pembeni mtu mzima anasema, "Huyu hana moyo." Maneno hayo nimeyasema mwenyewe kwa miaka mingi, nami nilikuwa namwonea mtoto. Moyo alikuwa nao. Nilichokuwa nimemfundisha ni kufunga Jumatatu.

Mwongozo huu ni kwa walimu wa michezo shuleni, makocha wa timu za mtaa, na wachezaji wanaojifundisha wenyewe. Mfano wangu ni mtupo wa netiboli kwa sababu ndio ninaoufahamu na ndio unaowatesa wasichana wengi, lakini mpigaji penalti au mrushaji mkuki atajikuta humu pia.

Kwanza, badili kipimo chako

Kila siku ya mazoezi, kabla ya kupasha mwili moto na kabla hujasema lolote, mfungaji arushe mitupo 10: miwili miwili kutoka sehemu tano tofauti ndani ya nusu duara la kufungia lililo mbele ya goli. Usimrekebishe, usimsifu. Andika tu kwenye daftari: tarehe, mingapi imeingia, na iliyokosa ilikosea wapi, mbele, nyuma, kushoto au kulia. Mimi naiita mitupo ya baridi.

Namba hiyo ndiyo itakayokuambia kama mtoto amejifunza. Namba ya mwisho wa mazoezi inakuambia tu kwamba mwili umepata moto na umezoea sehemu ile kwa nusu saa. Ni vitu viwili tofauti, na kocha asiyevitenganisha atachagua mazoezi yanayopendeza machoni huku yakimwacha mchezaji pale pale.

Hatua ya 1: Ielewe pete

Pete iko mita 3.05 kutoka chini, nayo haina ubao nyuma yake kama ule wa mpira wa kikapu. Upana wake wa ndani ni sentimita 38. Mpira wa saizi ya 5 una mzingo wa sentimita 69 hadi 71, kwa hiyo kipenyo chake ni kama sentimita 22. Ukiutazama kutoka juu kabisa, mpira una nafasi ya kutosha, sentimita 16 hivi za ziada. Shida ni kwamba mpira huja kwa mshazari. Ukishuka kwa pembe ya nyuzi 45, mlango ulio mbele yake umebaki kama sentimita 27. Ukishuka kwa nyuzi 60, mlango ni karibu sentimita 33. Ukija bapa, nyuzi 36 hivi, mlango na mpira vimelingana, na chini ya hapo mpira hauwezi kuingia bila kugonga chuma.

Wachezaji wangu nawaonyesha jambo hili kwa sahani. Nainua sahani usawa wa macho, wanaona mstari mwembamba tu. Nainamisha kidogo, duara linafunguka. Tangu hapo sina haja ya kupiga kelele "juu! juu!" kila dakika, kwa sababu wanajua mpira unatakiwa kupanda ili upate kushuka vizuri.

Hatua ya 2: Mwonyeshe, kisha umwache arushe

Onyesha mtupo mzima mara tatu au nne bila maelezo. Kama huwezi kurusha vizuri, mwombe mchezaji mzoefu, au tumia video kwenye simu. Uganda wametupa mifano mizuri hapa jirani: timu yao ya taifa, She Cranes, ilimaliza ya 5 kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2023 mjini Cape Town, na mfungaji wao Mary Cholhok amecheza ligi ya Uingereza akiwa na Loughborough Lightning. Ila ukimwonyesha mtoto wa darasa la saba mfungaji mrefu kama Cholhok, mtafutie na mwingine wa kimo cha kawaida. Mrefu na mfupi wanatatua tatizo moja kwa njia mbili.

Mambo ya kutazama ni machache. Mwili unatazama pete, miguu imeachana upana wa mabega. Mpira umekaa juu ya kichwa, kwenye vidole na si kwenye kiganja kizima, na mkono wa pili unaushikilia ubavuni usianguke. Magoti yanakunjika kidogo, kisha mwili wote unanyooka kwenda juu, na vidole ndivyo vinavyougusa mpira mwisho, ukiondoka huku ukijizungusha kurudi nyuma. Mpira hushikwa juu kuliko kwenye kikapu kwa sababu mkabaji anasimama karibu na mkono wake unakuja.

Siku nne au tano za mwanzo mwache arushe kutoka sehemu moja, mita moja au moja na nusu kutoka kwenye nguzo. Hapa kurudia kuna kazi yake: mtoto bado anatafuta umbo la jambo lenyewe, anafikiri kila kiungo, anachoka upesi. Wanasaikolojia Fitts na Posner waliandika mwaka 1967 kwamba mtu anayejifunza ustadi wa mwili hupita vipindi vitatu: kwanza anafikiri, kisha anaunganisha, mwisho anafanya bila kufikiri. Usimkimbize kwenye kile cha kwanza. Kwa watoto wadogo shusha pete, tumia mpira wa saizi ya 4. Mtoto anayelazimika kuurusha mpira kwa nguvu zake zote, kutoka kifuani, anajifunza mtupo ambao utabidi auache baadaye.

Hatua ya 3: Akili yake iwe kwenye mpira, isiwe kwenye kiwiko

Ningeambiwa nichague jambo moja tu la kumwachia kocha mwenzangu, ningechagua hili.

Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha majaribio ya watu waliokuwa wakijifunza kuyumba kushoto na kulia kwenye mashine inayoiga mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Kundi moja liliambiwa lizingatie nguvu za miguu yao. Lingine liliambiwa lizingatie magurudumu ya jukwaa walilosimamia, yaliyokuwa chini kabisa ya miguu hiyo hiyo. Umbali kati ya mguu na gurudumu ni mdogo sana, lakini waliozingatia magurudumu walijifunza vizuri zaidi. Matokeo ya namna hiyo yameonekana baadaye kwenye gofu, kikapu na michezo mingine. Akili ikikaa kwenye kile mwili unachokifanyia kazi, viungo hupangana vyenyewe. Ikikaa kwenye kiungo kimoja, inaking'ang'ania, na vingine vinakwama.

Kwa hiyo badili maneno yako. Nilikuwa nasema, "Nyoosha kiwiko." Sasa nasema, "Upitishe mpira juu ya kichwa cha nguzo." Nilikuwa nasema, "Kunja kifundo cha mkono." Sasa nasema, "Uache mpira kama unauweka kwenye rafu ya juu." Kwa wale wanaorusha bapa ninalo neno ninalolipenda kuliko yote: "Liwe embe linaloangukia kapuni, lisiwe jiwe la manati." Mtoto wa kijijini hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Picha moja ya embe imebeba ndani yake pembe, kasi, ulaini wa vidole na utulivu, vitu ambavyo ningevieleza kimoja kimoja ningemaliza kipindi kizima.

Kuna sababu nyingine ya kupunguza maelezo ya viungo. Mwaka 1992 mtafiti Richard Masters aliwafundisha watu kusukuma mpira wa gofu shimoni. Wengine walipewa maelekezo mengi ya namna ya kufanya, wengine walijifunza wakiwa wameshughulishwa na kazi nyingine ya akili hivi kwamba hawakukusanya kanuni. Walipowekwa kwenye shinikizo, waliobeba kanuni kichwani ndio walioyumba. Nikisoma hayo nawakumbuka wasichana niliowajaza maelekezo, nao wakasimama mbele ya goli dakika ya mwisho wakijaribu kuyakumbuka yote.

Hatua ya 4: Changanya, hata kama mazoezi yataonekana mabaya

Mtoto akishafunga karibu nusu ya mitupo yake ya karibu, acha kumweka mahali pamoja. Hapa ndipo makocha wengi tunapogoma, kwa sababu mazoezi yaliyochanganywa yanaonekana kama fujo na namba za siku hiyo zinashuka.

Kerr na Booth walilijaribu jambo hili kwa watoto mwaka 1978. Watoto wa miaka 8 walirusha vifuko vya maharage kwenye shabaha. Kundi moja lilifanya mazoezi kutoka futi 3 tu. Kundi la pili lilirusha kutoka futi 2 na futi 4, halikugusa futi 3 kabisa. Walipopimwa wote kwa futi 3, waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao hawakuwahi kuifanyia mazoezi. Mwaka uliofuata Shea na Morgan walionyesha kitu kinachofanana kwa kazi nyingine ya mikono: waliochanganya mifuatano mitatu walikwenda polepole wakati wa mazoezi, lakini walipopimwa baada ya siku 10 ndio waliokumbuka zaidi.

Sababu yake ukiitazama uwanjani utaiona. Anayerusha mara 20 kutoka sehemu moja anatatua tatizo mara moja, kisha ananakili. Anayebadilisha sehemu kila mtupo analazimika kupima umbali upya, kuchagua nguvu upya, kusimama upya. Na mechi haimpi mfungaji mitupo miwili inayofanana. Mrusi Nikolai Bernstein aliwapiga picha mafundi wa nyundo miaka ya 1920 akaona kwamba kichwa cha nyundo kilifika palepale kila mara, lakini njia ya bega na kiwiko ilikuwa tofauti kidogo katika kila pigo. Fundi hakuwa anarudia mwendo. Alikuwa anatatua upya tatizo lile lile kila alipoinua nyundo.

Hivi ndivyo ninavyochanganya. Naweka vifuniko vya soda saba chini, ndani ya nusu duara. Nusu kipenyo chake ni mita 4.9, kwa hiyo viwili viko karibu na nguzo, vitatu katikati, viwili karibu na mstari. Mchezaji anaanza popote. Akirusha, ingia isiingie, anaukimbilia mpira mwenyewe na kwenda kwenye kifuniko kingine ambacho hakikuwa jirani. Marufuku kurusha mara mbili mfululizo kutoka mahali pamoja. Mitupo 30 inatosha. Wiki ya pili mtupo hauanzi na mpira mkononi, unaanza na pasi: ya chini, ya juu, ya kudunda, ya kutoka nyuma. Wiki ya tatu anaupokea mpira akiwa hewani, anatua, anaujua mguu uliotangulia kutua, ndipo anarusha. Mguu huo ndio unaompa mwamuzi filimbi, ukiuinua na kuukanyaga tena kabla mpira haujaondoka, kwa hiyo usiuache mpaka mwisho wa msimu.

Mtoto atalalamika. "Madam, juzi nilikuwa nafunga, leo nimeharibika." Mfungulie daftari, mwonyeshe mitupo ya baridi ya wiki tatu. Hakuna hotuba inayoshinda ukurasa ule.

Hatua ya 5: Ongea nusu ya unavyopenda

Winstein na Schmidt waligundua mwaka 1990 kwamba waliopewa taarifa ya kosa kwenye nusu tu ya majaribio yao walikumbuka vizuri baadaye kuliko waliopewa kila mara. Kocha anayesema baada ya kila mtupo anakuwa mkongojo. Siku ya mechi mkongojo umekaa benchi.

Kanuni yangu: mitupo mitano, kisha swali, kisha neno moja. Swali ni "Umekosea wapi, na kwa nini?" Mara nyingi anajua, naye akilisema mwenyewe limemwingia. Kosa dogo liache lipite. Ukirekebisha kila sentimita unamfundisha kuhangaika.

Hatua ya 6: Macho yatulie kabla ya mikono

Joan Vickers wa Kanada aliwavalisha wachezaji wa kikapu kifaa cha kufuatilia macho, akaripoti mwaka 1996 kwamba warushaji hodari hutuliza macho sehemu moja ya pete mapema na kwa muda mrefu zaidi kabla ya kurusha. Wasio hodari macho yao yanarukaruka. Mfundishe mtoto kuchagua sehemu moja, kwa mfano ukingo wa nyuma wa pete, aitazame huku akihesabu moyoni "moja, mbili", ndipo mpira uondoke. Asiufuate mpira kwa macho mkononi mwake. Zoezi lenyewe ni fupi, dakika tano kila siku.

Hatua ya 7: Mlete mkabaji

Sheria inampa mfungaji sekunde 3 tangu auchukue mpira, nayo inamtaka mkabaji awe angalau sentimita 90 kutoka kwenye mguu uliotangulia kutua, au uliopo chini. Kata kijiti cha urefu huo, kiweke chini, mkabaji asimame nyuma yake na kuinamia mbele mkono ukiwa juu. Kama huna mkabaji mrefu, mfagio unafaa: mtu anaushika ameuinua, majani yakiwa mbele ya mpira. Mtu mwingine anahesabu sekunde kwa sauti.

Anza na mkabaji aliyesimama tu. Kisha anayeruka. Kisha anayeruka huku mfungaji ametoka kukimbia mara mbili hadi katikati ya uwanja na kurudi. Usilete uchovu na mkabaji siku moja kwa mchezaji mchanga, ataanza kurusha kwa woga, na woga nao hufanyiwa mazoezi ukakomaa.

Hatua ya 8: Kidogo kila siku, na alale

Posta ya Uingereza iliwahi kutaka wafanyakazi wake wajifunze kupiga taipu haraka. Baddeley na Longman, walioripoti jaribio hilo mwaka 1978, waliwagawa: wengine saa moja kwa siku, wengine hadi saa nne. Wa saa moja walihitaji jumla ya saa chache zaidi kufikia ustadi ule ule, ingawa siku zao zilikuwa nyingi. Kwa mfungaji maana yake ni dakika 20 siku tano kwa wiki, wala si saa mbili za Jumamosi. Usingizi nao ni sehemu ya mazoezi, kwa maana ubongo unaendelea kukaza ulichokipata mchana. Kambi za mashindano ambamo watoto wanapiga soga mpaka saa nane za usiku zinakula kazi ya miezi.

Kurekebisha mtupo uliokwisha kukomaa

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na makocha wengi hujificha nyuma ya methali hiyo kumkatia tamaa msichana wa kidato cha tano anayerusha bapa. Anakunjika. Ila inahitaji wakati, na unatakiwa kumwambia ukweli kabla ya kuanza: kwa wiki tatu au nne utafunga kidogo kuliko sasa. Njia ya zamani haifutiki, inasubiri. Ukichoka au ukiogopa, inarudi.

Fanya kazi hiyo mara tu msimu unapokwisha, si wiki mbili kabla ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Rekebisha kitu kimoja, kile kinachovuta vingine, ambacho mara nyingi ni kimo cha mpira. Funga kamba kati ya miti miwili mbele ya nguzo, juu kidogo ya pete, na mtupo wake upite juu yake. Kamba inamfundisha bila maneno, kwa sababu mpira bapa unaigonga. Baada ya siku kadhaa iondoe kwa mitupo mitano, irudishe, iondoe kwa kumi. Na mchezaji wa namna hii asirushe kwa mtindo wa zamani hata kwa mzaha na wenzake wakati wa mapumziko. Hilo ndilo linaloharibu zaidi, kuliko kukosa siku moja ya mazoezi.

Wiki ya mechi

Siku tatu za mwisho usifundishe kitu kipya. Mitupo michache, sehemu tofauti, mkabaji yupo, kila mmoja arudi nyumbani akiwa bado na hamu ya kurusha.

Siku yenyewe, wakati wa kupasha moto, mpe mitupo 12 hadi 15 kutoka sehemu zote, aanzie karibu. Angalia nguzo ya uwanja mgeni: nyingine zimeinama, nyingine pete imelegea, na ni bora mfungaji ayajue hayo kabla ya filimbi. Neno lake liwe moja, lile lile la mazoezini.

Akikosa mara tatu mfululizo, usimtajie kiwiko wala magoti kutoka pembeni. Kwenye mapumziko ya robo mpe maji, kisha mwambie mambo ya nje ya mwili wake tu: mkabaji anaruka mapema, subiri ashuke; jua liko upande ule, pokea pasi upande huu; GA, mfungaji mwenzako, yuko huru nyuma yako. Kosa la mtupo liandike kwenye daftari, mtalishughulikia Jumatatu.